Nikeli, fedha au kromu? Kutambua na kutunza ganda la bunduki ya karne ya 19

Maswali ni yale yale. Mtu kanunua Winchester ya zamani mnadani, au kaachiwa na baba mkwe, upande mmoja inameta na upande wa pili ina madoa ya kahawia. Anauliza: "Hii nikiipitishia stilwaya si itang'aa kama mpya?" Mwingine anataka kujua kama ni fedha au ni nikeli. Wa tatu keshaisugua tayari, anauliza atarudishaje kilichotoka. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mara nyingi hicho alichokitoa kwa dakika kumi ndicho kilichokuwa na thamani kuliko kingine chochote kwenye bunduki ile.

Nitazungumzia bunduki za Marekani za miaka ya 1860 hadi 1898, hasa zile za wenzo (mkono wa chuma ulio chini, karibu na triga, unaoshushwa na kupandishwa kuingiza risasi) kutoka New Haven, Connecticut: Henry ya 1860, na Winchester za 1866, 1873, 1876, 1886, 1892 na 1894. Ndizo ninazoletewa zaidi. Na si ngeni kabisa kwetu: Stanley alipotoka Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya risasi kumi na sita. Sehemu ya usafi na hifadhi inafaa pia kwa mwenye gobore la ukoo lenye mapambo ya shaba au fedha.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Ninaposema *ganda* nina maana ya tabaka jembamba la madini yaliyochovywa juu ya madini mengine: nikeli, fedha au dhahabu. Kwa kawaida ganda la nikeli ni jembamba kuliko unywele. *Buluu* si ganda. Ni uso wa chuma chenyewe uliogeuzwa rangi kwa joto au kwa kutu iliyoongozwa. *Rangi za mkaa* nazo si ganda: chuma kimepashwa moto ndani ya mkaa wa mifupa kikazamishwa majini, kikatoka na mawingu ya buluu, kahawia na kijivu. Na kuna *chuma kitupu*, kilichong'arishwa tu kikaachwa hivyo. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuandaa

- Glavu za mpira wa nitrili. Chumvi ya vidole huacha alama ya kutu yenye umbo la kidole chako.
- Lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki.
- Tochi ndogo na karatasi nyeupe tupu.
- Sumaku ndogo iliyofungwa ndani ya kitambaa laini.
- Vitambaa safi vya pamba (fulana kuukuu iliyofuliwa inafaa), vijiti vya pamba vya masikioni, mswaki laini sana.
- Waiti spiriti, ile wachoraji na wapaka rangi wanayosafishia brashi.
- Mafuta mepesi, kama ya cherehani.
- Kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha.
- Nta ya makumbusho. Inayotumika sana ni Renaissance Wax, iliyobuniwa na maabara ya British Museum miaka ya 1950. Kopo dogo litakufaa miaka mingi.
- Simu yenye kamera na daftari.

Vitu ambavyo sitaki viwe hata mezani: stilwaya, msasa, brashi ya waya, dawa za kuondoa kutu, dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba, ndimu, ukwaju na majivu. Najua bibi zetu waling'arisha sinia kwa ukwaju zikawaka kama jua. Sinia ni shaba tupu, nene; ikipungua kidogo kila Idi hakuna anayelia. Ganda la bunduki halina cha kupunguza.

Neno moja kuhusu sheria. Marekani, sheria ya shirikisho huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, lakini majimbo yana masharti yake, kwa hiyo uliza unakoishi. Tanzania na Kenya ni habari nyingine: umri wa bunduki haukuruhusu kukaa nayo bila kibali. Ukiikuta darini kwa marehemu babu, ripoti kituo cha polisi kwanza, kusafisha baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha haina kitu ndani

Usiruke hatua hii kwa sababu "imekaa ukutani miaka sitini". Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, kidole mbali na triga. Shusha wenzo hadi mwisho, tazama ndani ya chemba kwa tochi. Kisha shusha na pandisha wenzo taratibu mara kadhaa, kwa sababu bomba lililo chini ya mtutu linaweza kuwa na risasi ambayo springi iliyochoka ilishindwa kuisukuma. Ukimaliza, nyundo ishushe polepole kwa dole gumba, usiiachie ijipige. Kama mtambo umekwama au huna hakika, simama hapo hapo uipeleke kwa fundi wa bunduki.

Kwa gobore, chukua ufito mwembamba wa mbao, uingize mtutuni hadi ugote, weka alama mdomoni, utoe, kisha ulaze nje sambamba na mtutu. Ncha ya ufito ikiishia mbali na tundu la moto, kuna kitu ndani, na baruti nyeusi iliyokaa mahali pakavu haizeeki. Usijaribu kuitoa mwenyewe.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa chochote

Pande zote mbili, juu, chini, mdomo wa mtutu, kitako, kila maandishi, kila doa. Mwanga wa dirishani, bila flashi. Picha hizi ndizo zitakazokuambia wiki ijayo kama doa limekua, na ndizo utakazomwonyesha mnunuzi au bima.

Hatua ya 3: Jua ilitoka kiwandani ikiwa na sura gani

Wanaoanza wengi hukosea hapa: wanaanza na rangi wanayoiona badala ya kuanza na modeli. Modeli inakuambia cha kutarajia.

Henry ya 1860 na Winchester ya 1866 zina bodi ya aloi ya shaba yenye rangi ya manjano. Ndiyo maana ile ya 1866 Wamarekani waliiita "kijana wa manjano". (Bodi ni ile sehemu ya kati inayobeba mtambo.) Henry chache za mwanzo kabisa zilikuwa na bodi ya chuma. Winchester ya 1873 na ya 1876 kwa kawaida zilitoka na bodi ya buluu; rangi za mkaa zilikuwa za kuagiza kwa nyongeza ya bei. Ya 1886 ni kinyume chake: rangi za mkaa ndiyo iliyokuwa kawaida yake, hadi mwaka 1901 kiwanda kilipohamia buluu. Za 1892 na 1894 ni za buluu.

Maana yake ni kwamba nikeli, fedha na dhahabu kwenye Winchester za wakati huo zilikuwa oda maalumu. Zipo, tena nzuri mno, lakini ni chache. Ukikutana na 1873 yenye nikeli, anza kwa kuiuliza, usianze kwa kuiamini.

Sasa tafuta nambari. Kwenye 1873, 1876 na 1886 ipo kwenye ulimi wa chini wa bodi (kipande chembamba cha bodi kinachorudi nyuma kushika kitako; kuna wa juu na wa chini), nyuma ya wenzo. Kwenye 1892 na 1894 ipo chini ya bodi, upande wa mbele. Iandike, kisha uwaandikie Buffalo Bill Center of the West, mjini Cody, Wyoming. Wanahifadhi daftari za kiwanda cha Winchester, na kwa malipo watakuandikia barua inayosema bunduki yenye nambari hiyo ilirekodiwa vipi: aina ya mtutu, tarehe, na mapambo ya oda kama yaliandikwa. Daftari hazikukamilika. Za 1866, kwa mfano, zinaanzia karibu na nambari 125,000, kwa hiyo zilizotangulia hazina barua. Lakini kama nambari yako imo, barua hiyo ina uzito kuliko maoni ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Hatua ya 4: Tambua kilicho chini

Gusisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Ikivuta kwa nguvu, chini kuna chuma. Isipovuta, au ikivuta kwa unyonge sana, chini kuna shaba. Watu wengi huleta sumaku wakitaka iwaambie kama ganda ni nikeli. Haiwezi. Nikeli nayo huvutwa na sumaku, na chuma kilicho chini yake huvutwa zaidi. Sumaku inajibu swali la chini, si la juu.

Hatua ya 5: Tambua kilicho juu

Kaa karibu na dirisha, mchana, jua lisipige moja kwa moja. Weka karatasi nyeupe kando ya bodi, utazame rangi ya mng'ao ukilinganisha na weupe wa karatasi. Usiharakishe, jicho linahitaji kama dakika moja kuzoea.

*Nikeli* ina joto kidogo ndani yake, manjano hafifu kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Ikizeeka hupata ukungu, si weusi.

*Fedha* ni nyeupe kuliko nikeli pale iliposafishwa, lakini usitegemee kuikuta safi. Tafuta weusi, kahawia au rangi za upinde wa mvua kwenye kona na ndani ya michoro. Nikeli haifanyi weusi wa namna hiyo.

*Kromu* ni baridi, ina ubuluu, na inaakisi kama bampa ya gari.

*Dhahabu* haichakai rangi, inachakaa kwa kufutika. Kwenye bodi ya shaba inadanganya sana, kwa sababu shaba iliyong'arishwa nayo ni ya manjano. Tofauti inaonekana kwenye kona: shaba huwa imeingia ukahawia, dhahabu haijaguswa.

*Chuma kitupu* ni kijivu, na karibu kila mara kina vidoto vya kutu. Hiki huwapoteza wenye bunduki za kijeshi. Springfield ya 1861, iliyotumika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilitoka ghalani ikiwa chuma kilichong'arishwa bila rangi wala ganda. Nimewahi kuona mtu anauza moja kama "yenye nikeli ya asili". Hakuwa mwongo, alikuwa hajui.

Kisha linganisha na kalenda. Uchovyaji wa fedha na dhahabu kwa umeme ulishakuwa biashara tangu hataza ya Elkington wa Birmingham mwaka 1840. Nikeli ilichelewa: ni baada ya Isaac Adams wa Boston kupata hataza yake mwaka 1869 ndipo ilipoenea viwandani. Kromu ya biashara ni ya miaka ya 1920. Kwa hiyo Henry ya mwaka 1863 yenye ganda jeupe la asili, tarajia iwe fedha. Na Winchester yoyote ya karne ya 19 yenye kromu ilichovywa na mtu baadaye sana. Hapo hakuna mjadala.

Kama bado una shaka na bunduki ni ya thamani, usidondoshe asidi ya sonara juu yake. Tafuta kipimo cha miale ya eksirei kinachoshikwa mkononi. Makumbusho na vyuo vinavyo, na siku hizi hata wanunuzi wa dhahabu wanavyo. Kinasoma aina ya madini kwa sekunde chache bila kuacha alama.

Hatua ya 6: Ganda la asili, au limechovywa upya?

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Tofauti ya thamani kati ya ganda la kiwandani lililochakaa na ganda jipya linalong'aa ni kubwa, na aliyechakaa ndiye anayeshinda. Chukua lenzi.

Anza na maandishi. Kwenye 1873 tazama jina la modeli lililo kwenye ulimi wa juu. Herufi ya asili ina kingo kali, kama kisu kilivyokata siagi baridi. Kabla ya kuchovya upya ni lazima uso usuguliwe, na gurudumu la kusugulia halichagui: linalainisha kingo, linaburuta ukingo wa herufi upande lilikozungukia.

Hamia kwenye skrubu. Tundu la skrubu la kiwandani lina ukingo tambarare uliokutana sawasawa na kichwa cha skrubu. Lililosuguliwa lina bonde dogo kuzunguka, kama kisahani. Pitisha ukucha utalihisi.

Kisha tafuta vishimo vya kutu. Mwaka juzi nilishika 1873 iliyokuwa inauzwa kwa bei ya asili. Kwa macho ilikuwa safi mno. Chini ya lenzi, upande wa kushoto wa bodi, karibu na wenzo, kulikuwa na vishimo vidogo kama alama za sindano kwenye ngozi, na ndani ya kila kishimo, hadi chini kabisa, nikeli ilikuwa inameta. Fikiria maana yake. Kutu ilikuja kwanza, nikeli ikaja baadaye. Kiwanda hakichovyi bunduki iliyooza. Kwenye ganda la asili kishimo hutoboa nikeli: kingo nyeupe, chini pekundu au peusi. Kipimo hiki kimoja kimenisaidia kuliko vyote.

Tazama pia mahali pa uchakavu. Bunduki inayobebwa huchakaa pale mkono unapoishika kwa uwiano, yaani chini ya bodi mbele ya wenzo, na kwenye kona za mdomo wa mtutu na kisigino cha kitako. Kama kingo hizo zimeviringika kwa uchakavu lakini nikeli juu yake haina mkwaruzo, nikeli ni mgeni pale. Kwenye bunduki zilizochongwa nakshi, kama zile za mafundi wa ukoo wa Ulrich waliofanya kazi New Haven, mabaki ya ganda hujificha ndani ya mikato ya nakshi na pembezoni mwa vichwa vya skrubu hata pale uso wote ulipofutika. Mabaki hayo ni ushahidi. Ndiyo maana nakataza kabisa mtu kuchokonoa "uchafu" ndani ya nakshi kabla ya kuuangalia kwa lenzi.

Dalili ya mwisho: ganda lililobanduka likionyesha wekundu wa shaba kati ya nikeli na chuma, mara nyingi ni kazi ya baadaye, kwa kuwa mafundi wa kuchovya upya hupenda kutanguliza shaba. Lisikuhukumie peke yake; liunganishe na nyingine.

Hatua ya 7: Safisha, kwa upole

Lengo ni kutoa vumbi, jasho la watu na mafuta yaliyoganda. Mng'ao si lengo.

1. Vaa glavu. Laza bunduki juu ya taulo.
2. Pangusa vumbi kwa mswaki mkavu, ukielekeza mbali na nyufa.
3. Lowesha kijiti cha pamba kwa waiti spiriti, kikamue, jaribu mahali pa siri penye ukubwa wa punje ya mahindi. Subiri dakika tano. Kijiti kikitoka kahawia ya mafuta, endelea. Kikitoka na vipande vinavyometa, acha: ganda linabanduka.
4. Fanya sehemu ndogo ndogo. Bingirisha kijiti, usisugue huku na huku. Kikichafuka tupa, chukua kingine; kijiti kichafu ni msasa.
5. Usiguse mbao. Waiti spiriti inakula vanishi ya zamani ya kitako. Kwenye mpaka wa mbao na chuma fanya kazi kwa kijiti kilicho karibu kukauka.
6. Kausha kwa kitambaa, acha wazi nusu saa.

Tahadhari moja nzito. Dawa nyingi za kusafishia ndani ya mtutu zina amonia, iliyowekwa humo ili iyeyushe shaba ya risasi. Ikiingia chini ya ganda kupitia ufa, na huko kuna shaba, inaikata shaba na nikeli inanyanyuka kama ngozi ya nyoka. Ukitaka kusafisha mtutu wa bunduki yenye ganda, tumia mafuta tu, na funika mdomo kwa kitambaa.

Usifungue skrubu. Najua bisibisi iko karibu. Skrubu za wakati ule zina mfereji mwembamba, na bisibisi ya dukani inauchana mara ya kwanza tu.

Hatua ya 8: Kutu kwenye tundu za ganda

Nikeli inalinda chuma kwa kukifunika tu. Ikitoboka, unyevu ukaingia, chuma kinaoza haraka zaidi pale palipo wazi, na kutu hutambaa chini ya ganda na kuliinua. Kwa hiyo doa dogo si la kupuuza.

Weka tone la mafuta ya cherehani juu ya doa, liache usiku kucha. Asubuhi, kwa kijiti cha mwanzi, toa unga wa kutu uliolainika katikati ya doa, ukienda kutoka kwenye ukingo wa ganda kuelekea katikati, kamwe usielekee ukingoni, maana ncha ikiingia chini ya ganda imekwisha. Rudia siku mbili au tatu. Weusi utakaobaki, uache, huo umetulia. Kinachotakiwa kutoka ni unga wa rangi ya chungwa.

Hatua ya 9: Nta

Chukua nta kidogo, kama punje ya choroko kwa bodi nzima. Paka kwa kitambaa, subiri dakika chache, pangusa kwa kitambaa kingine bila kukandamiza. Nta haivuti vumbi kama mafuta, na inakaa. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kwa bunduki ya kutazamwa. Mara nne kama unaishi karibu na bahari. Kama vipande vya ganda vimesimama kingo, usipake kwa kitambaa kinachonasa nyuzi. Tumia brashi laini.

Hatua ya 10: Hifadhi

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hata iwe nzuri namna gani. Ngozi hushika unyevu na asidi zake huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Sponji za masanduku ya kisasa nazo hushika unyevu. Fedha ikae mbali na sufi na mpira, vyote vina salfa inayoitia weusi. Kabati lenye unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 50, vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, na bunduki imelala juu ya pamba safi. Mwenye kuishi Tanga, Mombasa au Muscat afanye kazi zaidi kwenye vifuko kuliko kwenye nta.

Mambo yakienda kombo

*Nikeli ina ukungu mweupe usiotoka.* Ni umri wake. Waiti spiriti na nta vitaupunguza kidogo. Zaidi ya hapo utakuwa unakula ganda.

*Fedha imekuwa nyeusi.* Kama nyeusi imeenea sawasawa, mimi huiacha. Inaonekana vizuri na inalinda. Ule ujanja wa karatasi ya alumini na magadi ni wa vijiko, si wa bodi yenye chuma, mbao na nyufa zitakazonywa maji. Ikibidi kweli, mpe mhifadhi wa makumbusho.

*Kuna kijani kuzunguka skrubu.* Mafuta ya zamani yamekula shaba. Kijiti cha mwanzi na waiti spiriti kidogo, kisha nta. Ikirudi ndani ya mwezi, unyevu wa kabati lako uko juu.

*Ganda linabanduka vipande.* Acha kusafisha. Usibandike kwa gundi. Vilivyodondoka viweke kwenye bahasha yenye nambari ya bunduki. Peleka kwa mhifadhi.

*Buluu ya mtutu ni nyeusi sawasawa, lakini bodi ni ya zamani.* Buluu ya chumvi za moto, iliyo nyeusi na sawa kila mahali, ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Mtutu umepakwa upya, kwa hiyo rudia hatua ya 6 kwenye bodi kwa macho makali zaidi.

*Nilishaisugua kabla sijasoma hapa.* Usiongeze. Usitie rangi ya chupa kuficha. Safisha mabaki ya dawa uliyotumia, kausha, paka nta, andika daftarini ulichofanya na lini. Chuma kilicho wazi kitaanza kupata ukahawia wake taratibu.

*Niichovye upya?* Kama ganda la asili lipo hata robo, jibu langu ni hapana. Kama barua ya Cody inasema ilikuwa ya buluu na mtu aliichovya nikeli miaka ya 1950, hiyo imekwisha kuguswa; unaweza kuamua kwa nafsi yako, mradi kazi ifanyike kiwandani. Usichovye nyumbani: myeyusho wa fedha kwa kawaida una sayanaidi, na chumvi za nikeli zina sumu na huwasha ngozi vibaya. Ukiichovya, hifadhi picha za kabla na risiti ya kazi, na siku ya kuiuza vitoe vyote viwili mezani kabla mnunuzi hajauliza bei.